Pikapu Ambayo Fundi wa Kibaigwa Anaijua

Mwezi wa nane mwaka jana, saa nne na nusu asubuhi, tulikwama kwenye mchanga baina ya Handali na Mvumi tukiwa na kreti 42 za zabibu nyuma. Pikapu ilikuwa ya shemeji yangu, toleo jipya, hata nailoni za viti alikuwa hajazitoa. Haikuzimika. Injini ilinguruma vizuri tu, ila kwenye dashibodi iliwaka taa ya njano, na kuanzia hapo ukikanyaga mafuta gari linakwenda kama limefungwa punda: gia ya pili, kilomita ishirini kwa saa. Tulipofika kwenye korongo likagoma kupanda ukingo wa pili. Shemeji alifungua boneti, akaliangalia lile plastiki jeusi linalofunika injini, akalipapasa, akafunga boneti. Hakukuwa na kitu cha kushika.

Kampuni sitaitaja, maana yaliyotukuta yangeweza kumkuta mwenye gari la kampuni nyingine yoyote. Tulichomoa waya wa betri tukaurudisha, kama kila dereva anavyoshauri. Taa ikazima, tukaenda mita mia mbili, ikawaka tena. Mtandao wa simu hakuna. Saa saba mchana ikatokea Hilux ya zamani, mlango wa abiria umefungwa kwa kamba ya katani, dereva wake mzee wa Kigogo tuliyemwamkia "mbukwenyi" kwa unyenyekevu wa watu wenye shida. Akahamishia kreti zetu kwake, akatutajia nauli ambayo hatukuthubutu kuijadili. Zabibu zilifika soko la Majengo jioni zikiwa zimeanza kutoa maji, na mnunuzi naye hakuhitaji kuambiwa.

Gari lilivutwa mpaka mjini kesho yake, likachomekwa kompyuta, ikaonekana kilichokufa ni sensa ya presha ya mafuta. Kidude kinaenea kiganjani na bado kiganja kinabaki. Tulikisubiri siku nne kutoka Dar es Salaam.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue pikapu gani, ya zamani au hii iliyosanifiwa upya, simuulizi ana bajeti kiasi gani. Namuuliza itaharibikia wapi. Kutoka hapo mpaka alipo mtu anayeweza kuitengeneza ni kilomita ngapi? Kwa sisi wa kanda ya kati, kipimo hicho kinazidi nguvu farasi, kinazidi ulaji wa mafuta, na kinazidi kwa mbali sana ukubwa wa skrini.

Niseme mapema kwamba sipo kwenye kundi la wanaoimba "vya zamani vilikuwa chuma". Wimbo huo nausikia kila kijiwe cha mjini hapa, na mwingi ni kumbukumbu za ujana tu. Pikapu za zamani zilikuwa na kelele, zilikuwa nzito kuzigeuza, na zilikuwa na breki za kumtegemea Mungu. Chesisi za sasa nyingi ni bora kuliko zile. Hoja yangu ni nyembamba zaidi: gari la zamani nalo huharibika, tena mara nyingi kuliko jipya, lakini huharibika kwa namna inayoeleweka.

Chukua Land Cruiser pikapu, ile ambayo miradi ya maji, ya afya na ya wanyamapori huku kwetu imeizoea kama mkulima alivyozoea jembe. Jamii hiyo, inayoitwa 70, ilianza mwaka 1984. Injini yake maarufu, 1HZ, ilikuja mwaka 1990: silinda sita, lita 4.2, dizeli tupu isiyo na tabo, yaani kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Inatoa nguvu farasi kama 130 hivi, ambazo gari dogo la kwenda nalo harusini linaweza kuzifikia. Mwaka 2023 Toyota wakaifanyia jamii hiyo marekebisho makubwa. Wakairudishia taa za mviringo za miaka ya themanini ili sura ipendeze wenye kumbukumbu, na papo hapo wakaipa moyo mwingine: injini ya 1GD, lita 2.8, silinda nne, tabo, nguvu farasi 204. Nguvu ya kuvuta ikapanda kutoka nyutonimita 285 za 1HZ hadi 500. Kwenye karatasi hakuna mechi hapo, ni kipigo.

Lakini angalia walichofanya Toyota wenyewe. Hawakuizika 1HZ. Wameendelea kuifunga kwenye magari mapya yanayouzwa Afrika na yale yanayonunuliwa na mashirika ya misaada. Kampuni yenye uwezo wa kutengeneza injini ya kisasa kabisa bado inauza iliyosanifiwa mwaka 1990, na wanunuzi wake wakubwa ni watu wenye fedha na wenye wahandisi wa kuwashauri. Shirika linalopeleka chanjo mahali pasipo na barabara halinunui Land Cruiser ya kizamani kwa umaskini. Limepiga hesabu ileile ya kilomita.

Siri iko kwenye presha. Kwenye injini kama 1HZ, au 5L iliyokuwa kwenye Hilux za kabla ya toleo la Vigo, nozeli, yaani vidude vinavyopuliza dizeli ndani ya injini, hufunguka dizeli inapofika presha ya bari 150 hivi. Kwenye injini za kisasa, zile zenye bomba moja la pamoja linalolisha injekta zote kwa amri ya kompyuta, presha hupanda bari 1,600 na kuendelea. Presha hiyo ndiyo inayozifanya ziwe na nguvu, ziwe kimya na zile mafuta kidogo, sikatai. Ila kuikamata presha ya namna hiyo kunataka vyuma vilivyokaribiana kwa kiwango ambacho jicho halioni, na vyuma vilivyokaribiana hivyo havina msamaha kwa maji wala vumbi. Sasa niambie, dizeli unayonunua Chipanga au Kibakwe siku sheli haina mafuta unainunua kwenye nini? Kwenye dumu. Dumu ambalo juzi lilibeba nini, Mungu anajua.

Nilikaa asubuhi nzima kwenye gereji moja Kizota nikimtazama fundi akipima nozeli za injini ya zamani. Kifaa chake kina mkono wa chuma kama wa pampu ya kisima na saa ya presha iliyopasuka kioo. Anafunga nozeli, anakandamiza mkono, anatazama. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba na mlio mkali wa kukatika, kama mtu anayefukuza kuku: "tss, tss." Mbovu hutoa uzi wa mafuta kama mkojo wa mtoto, halafu inabaki inadondosha. "Hii nayo bosi unaita nozeli?" akaniuliza, akaitupa kwenye kopo. Akafungua nyingine, akaisugua ncha kwa brashi ya waya laini, akabadilisha wosha ya shaba, akairudisha kwenye kifaa, ikatoa ukungu. Kazi nzima, nozeli nne, imeisha kabla ya chai ya saa nne. Hakuna umeme uliotumika, na kama ungekatika asingejua.

Fundi wa aina hii yupo Kibaigwa, kwa sababu soko la mahindi pale linavuta malori na pikapu za kila umri, na lumbesa zinavunja springi kila siku. Yupo Mpwapwa, Kondoa, Manyoni, hata kwenye senta ndogo ambazo hazina kituo cha mafuta. Mwenye kompyuta ya kusoma gari yupo Dodoma mjini. Siku hizi na vijana wa mitaani wanazo, za bei rahisi zilizounganishwa na simu, nawapongeza. Lakini kusoma ugonjwa na kuwa na dawa ni mambo mawili. Kompyuta ilitupa jina la sensa yetu kwa dakika tano. Siku nne zilikuwa za dawa.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wa huku hawaambiwi, nalo linawahusu wale wanaoagiza Hilux za toleo la Revo zilizotumika Uingereza au Australia. Nchi hizo zina sheria kali za moshi, kwa hiyo pikapu zao za dizeli za miaka ya karibuni huwa na chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hukusanya masizi, na likijaa hujisafisha kwa kuyachoma, ila ili yaungue lazima bomba lipate joto kali, na joto hilo linapatikana vizuri gari likienda mwendo mrefu bila kusimamasimama. Huko kwenyewe lilileta balaa. Mwaka 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba Hilux, Prado na Fortuner za dizeli zilizouzwa kati ya mwaka 2015 na 2020, zaidi ya magari 260,000, ziliuzwa zikiwa na kasoro kwenye mfumo huo. Wana barabara, wana dizeli safi, wana karakana za wakala kila mji, na bado walifika mahakamani. Sasa ilete pikapu hiyo izunguke Nkuhungu kwa gia ya pili, ipande mbuga ya Bahi kwa gia ya kwanza, uone chujio litajisafisha lini. Nimeshaona likitobolewa kwa gasi ya kuchomelea, kisha kompyuta inadanganywa kwamba bado lipo. Umenunua teknolojia, umelipia ushuru wake, halafu umemlipa mtu aitoe.

Hilux nyingi zilizoletwa zikiwa mpya kwa soko la Afrika hazina chujio hilo. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema "Revo mbovu" na mwingine anasema "Revo nzuri", wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Uliza kwanza ilitoka wapi.

Haya, upande wa pili sasa, maana nisipousema mimi utasemwa na mke wa shemeji, naye husema kwa sauti.

Mafuta kwanza. Land Cruiser ya 1HZ ikiwa na mzigo kwenye njia za huku hunipa kilomita saba kwa lita, nane nikiendesha kama padri. Pikapu ya kisasa ya lita 2.4 itakupa kumi na moja bila kujitahidi. Kwa mtu anayetembea kilomita 1,500 kwa mwezi, hiyo ni lita 214 dhidi ya 136, tofauti ya lita 78 kila mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, halafu uzidishe kwa kumi na mbili. Kwa mwenye safari za lami kila siku, hesabu hii peke yake inamaliza ubishi, na mimi sina cha kumjibu.

Usalama ndio unaoniuma zaidi. Pikapu nyingi za zamani zilizopo mtaani hazina mifuko ya hewa, hazina breki zinazozuia tairi kuserereka, na mkanda wa abiria wa katikati ni wa kiunoni, kama upo. Kwenye njia ya kwenda Mvumi unakwenda kilomita arobaini kwa saa, hatari kubwa ni mbuzi. Kwenye barabara ya Dodoma kwenda Morogoro, usiku, lori linakupita huku lingine linakuja, ni habari nyingine. Mtu anayepeleka familia Dar kila mwezi kwa pikapu ya mwaka 1999 na kusema "hii ni chuma" anasahau kwamba chuma hakinyumbuki, na kisichonyumbuka humpa aliyemo ndani kipigo chote.

Kodi nayo haiko upande wangu. TRA wana ushuru wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa, kwa hiyo kuagiza la zamani kutoka nje ni kujiadhibu. Ndiyo maana pikapu nzuri za zamani zilizokwisha ingia nchini haziporomoki bei. Hilux ya namba B, yaani iliyosajiliwa nchini miaka mingi iliyopita, ikiwa imetunzwa unaweza kutajiwa bei ukadhani dalali amekosea sifuri. Hajakosea. Anajua kwamba nyingine kama hiyo haiji.

Na mji umebadilika. Barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa ikiwa lami mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji. Kondoa, ambako zamani ulikwenda ukirudi umebadilika rangi, sasa ni safari ya asubuhi na kurudi. Mji wa Serikali Mtumba umejaa watu ambao pikapu zao hazijawahi kukanyaga mchanga, wamenunua kwa sababu inapendeza kuwa na pikapu. Hao wanunue jipya, tena wasichelewe. Gari la kisasa kwenye lami, lenye dizeli ya kituo kinachoeleweka na karakana ndani ya kilomita kumi, ni gari zuri kuliko chochote ninachokitetea hapa.

Ninayemsema mimi ni yule ambaye lami yake inaishia kwenye geti la sekondari ya kata. Mkulima wa alizeti, mnunuzi wa zabibu, bwana mifugo, kituo cha afya chenye gari moja. Huyo akifuata ushauri wa watu wa Mtumba atalia.

Hata Toyota wenyewe wameona kwamba kuna mtu huyo. Novemba 2023 walizindua nchini Thailand pikapu inayoitwa Hilux Champ: bodi bapa, kebini ya milango miwili, imejengwa kwa makusudi iwe nyepesi kufungwa chochote nyuma. Sijasema ni gari la kizamani, injini zake ni za kisasa. Nasema tu kwamba mtengenezaji aliyekuwa akiongeza mapambo kila toleo amerudi nyuma mwenyewe kutafuta sanduku lenye magurudumu manne.

Ila kuna kosa moja nimeliona mara nyingi kiasi kwamba nimeanza kuogopa ushauri wangu mwenyewe. Mtu akisikia "chukua modeli ya zamani" anakwenda kuchukua gari kuukuu. Land Cruiser ya 1HZ iliyotoka kiwandani miaka mitatu iliyopita ni modeli ya zamani, ila ni gari jipya. Hilux ya 5L iliyobeba lumbesa miaka ishirini, ikapakwa rangi, ikarudishiwa kilomita hadi 140,000, ni gari lililokufa linalosubiri kuzikwa na wewe. Taasisi inaweza kununua ya kwanza. Mwananchi wa kawaida anabaki na ya pili, na hapo ndipo akili inapotakiwa.

Sukani na kanyagio havidanganyi. Mpira wa kanyagio la klachi ukiwa umelika hadi chuma, hizo siyo kilomita 140,000. Lala chini utazame chesisi pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, maana ndipo nyufa zinapoanzia kwa magari ya lumbesa, na wauzaji huchomelea na kupaka rangi nyeusi juu. Gari lililokaa Dodoma au Singida kwa kawaida lina chuma kizuri kwa sababu ya hewa kavu. La Tanga au Dar limekula chumvi ya bahari, na lililotoka Uingereza limekula chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi. Na kama ni 1HZ, uliza belti ya taimingi ilibadilishwa lini. Ikikatika, vali zinagongana na pistoni, na umaarufu wote wa injini hiyo unaishia hapo.

Spea nazo zimekuwa mtihani. Wingi wa magari haya ndio ulioleta nozeli na pampu feki kwa wingi, zenye boksi zuri kuliko la OG. Fundi wangu wa Kizota huzipima zote kwenye kile kifaa chake kabla hajazifunga, hata zikiwa na risiti. Na yeye mwenyewe amebakiza miaka mingapi? Mwanawe yuko VETA, anasoma umeme wa magari. Nilimuuliza kama kijana anajua kuweka taimingi ya pampu kwa sikio. Akacheka. "Huyo? Huyo bila laptopu hata boneti hafungui."

Kwa hiyo najua kwamba kipimo changu cha kilomita kinasogea. Iko siku mwenye kompyuta na sensa atakuwa Kibaigwa, na mwenye sikio la pampu atakuwa hayupo popote, na siku hiyo nitaandika makala nyingine. Kwa sasa shemeji ameiuza ile pikapu yake kwa mtumishi mmoja wa Mtumba, ambaye anaifurahia na sijasikia taa ya njano ikitajwa.

Jumamosi tunakwenda Kongwa kuangalia Hilux ya 5L, namba B, mmiliki mmoja, ndivyo dalali anavyosema. Fundi tunakwenda naye, nauli na chakula juu yetu. Dalali nimempigia simu mara mbili kumsisitizia jambo moja: asiiwashe kabla hatujafika. Nataka niiguse boneti mwenyewe niikute ya baridi, ndipo apige stata.